Mapafu yanaumwa, mbona mapaja ndiyo yanakonda?

Dada wa Masasi, umeuliza kwa nini mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anakonda mapaja ilhali ugali anakula. Inflamesheni ya ugonjwa huo, yaani kinga ya mwili kuwaka bila kuzima, haiishii kifuani. Kemikali zake, kama TNF-alfa na interlukini-6, huingia kwenye damu na kuchochea misuli ivunje protini haraka kuliko inavyojenga. Miguu huathirika zaidi ya mikono, maana akihema anakwepa kutembea. Prednisoloni, dawa ya kutuliza inflamesheni, ikitumiwa muda mrefu nayo hudhoofisha misuli (ila asiiache ghafla!). Mazoezi husaidia hata kama mapafu hayaponi: ainuke kitini, atembee barazani, aongeze kidogo kidogo. Mbaazi na samaki, vyenye protini ya kujenga misuli, visikosekane. Lakini kwanza apimwe TB, kukonda hivyo si kwa kukisia.