Bangili za nyanya ninazo, mpya sinunui

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni vazi au pambo gani la thamani uliloacha kwa sababu roho ilikusuta?" Mimi nimeacha mawili, hariri na dhahabu mpya, na sikuyaacha kwa siku moja.

Nashona nguo za harusi Eastleigh, mwaka wa kumi na tisa huu. Hariri ndiyo iliyosomesha wanangu. Kisha chama chetu cha akina mama kikazuru wafugaji wa nondo wa hariri upande wa Thika, kwa nia ya kuanzisha mradi. Tuliwakuta viwavi wakitafuna majani ya mforsadi, sauti yake kama manyunyu juu ya mabati. Kila kiwavi hujifunga ndani ya kifukofuko kwa uzi mmoja usiokatika, ambao huweza kukaribia kilomita nzima. Nondo akitoboa ili atoke, uzi umeharibika. Kwa hiyo haachwi atoke: kifukofuko hutiwa mvuke au maji ya moto naye yumo ndani, hai. Kilo moja ya hariri hutaka vifukofuko kama 5,000. Sikuwahi kuuliza, miaka yote hiyo.

Mteja mmoja aliniambia, "Fundi, jora hili limeshafumwa. Ukilikataa unamfufua nani?" Nikakumbuka Aprili 30, 2016, tani 105 za pembe za ndovu zilipochomwa katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Wengi walisema hivyo hivyo, kwamba ndovu wameshakufa, afadhali pembe ziuzwe zijenge shule. Mimi pia nilisema. Lakini jora likiisha dukani, lingine huagizwa.

Siku hizi nashona satini ya pamba, na nikiipata, hariri ya porini. Kuna nondo aitwaye gonometa huko Mwingi ambaye hukaa kwenye migunga. Kifukofuko chake huokotwa yeye akishatoka, kisha uzi husokotwa kama pamba. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, hapa Kasarani, kilishirikiana na wakulima wa huko kuufanya uwe mradi. Kitambaa chake kina rangi ya hudhurungi na hakimeremeti kama kile cha kuchemshwa. Bibi harusi anayetaka kumeremeta namwambia hivyo mapema, na akienda kwa fundi mwingine namtakia heri.

Dhahabu ndiyo iliyonitesa. Kwetu dhahabu ya mwanamke si pambo tu. Nyanya yangu aliachwa na mumewe akiwa na watoto wanne, na alichotoka nacho katika nyumba ile ni bangili sita mkononi. Mbili zilikwenda kwa sonara zikawa cherehani, ya kwanza katika ukoo wetu. Anayesema dhahabu ni upuzi wa wanawake hajawahi kufukuzwa na nguo alizovaa tu.

Halafu nikaenda Migori kwenye mazishi, karibu na machimbo. Nilimwona mama, mtoto mgongoni, akikanda unga wa mawe kwa zebaki ndani ya beseni, mikono mitupu. Zebaki hushika chembe za dhahabu zikawa donge. Donge aliliweka juu ya jiko, zebaki ikapaa na kuacha dhahabu ndogo kama punje ya mtama. Mvuke ule hudhuru ubongo na figo, hata kwa mtoto aliye tumboni, na yule wa mgongoni alikuwa akiuvuta. Nilimuuliza kama anajua. "Najua, dadangu. Na karo nitalipa na nini?"

Nilimsimulia mamangu, akaniuliza, "Usiponunua wewe, yule atakula nini?" Sijapata jibu la kumtosha. Nikipata dhahabu iliyochimbwa bila zebaki, kwa bei inayomfaa mchimbaji, nitainunua kesho. Ila nimezunguka kwa masonara wanne nikiuliza mali yao imetoka wapi, na mmoja alinijibu waziwazi kuwa ikishayeyushwa haina kabila. Kwa hiyo sinunui, na mamangu alininunia miezi miwili, maana binti yangu alikuwa anaolewa na watu wangesema tumemtoa mikono mitupu.

Nilichukua bangili moja ya nyanya nikampelekea sonara. Nilisimama pale mpaka ikayeyuka, nisije nikabadilishiwa. Ilitoa pete moja na vipuli. Bwana harusi alivaa pete ya fedha, maana dini yetu ya Kiislamu humkataza mwanamume kuvaa dhahabu. Gauni lilikuwa la hariri ya Mwingi, nililishona wiki tatu. Usiku wa harusi mamangu aliligusa mkononi, akauliza uzi wake umetoka wapi, nikamweleza kisa cha gonometa chote, naye akasikiliza.

Bangili zimebaki tatu.

Msomaji, Pangani, Nairobi