Kamba haina kani, ina uimara

Mwalimu mwenzetu ameuliza hivi: wanafunzi wake wanakariri vizuri kwamba kani ni msukumo au mvuto, na kwenye mtihani wanapata alama. Lakini ukiwauliza kwa nini karatasi iliyokunjwa hubeba kitabu na ile isiyokunjwa haibebi, wanabaki kimya. Maabara hana. Aanzie wapi?

Mwalimu, nimefundisha somo hili miaka mingi, na mwanzoni nilikuwa hapo hapo ulipo wewe. Nina ushauri mmoja, mengine yote yanaufuata. Kabla ya jaribio lolote, tenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo yetu ya kila siku huyatia kapu moja. Neno "nguvu" tumelibebesha kazi nyingi mno: mtu ana nguvu, kamba ina nguvu, sumaku ina nguvu, upepo una nguvu, hata hoja ina nguvu. Mtoto anakuja darasani na neno hilo, sisi tunamwandikia "kani" ubaoni, naye analibandika jipya juu ya la zamani, basi. Nililigundua hilo siku nilipoinua kamba nene na kuuliza, "Hii ina kani?" Darasa zima likaitikia: "Ndiyo, nyingi! Haikatiki!" Walichokuwa wanakisema kipo kweli, ila jina lake ni uimara.

Kani haikai ndani ya kitu. Iko kati ya vitu viwili, kimoja kikikisukuma au kukivuta kingine, na ina upande inakoelekea. Uimara ndio wa kitu chenyewe: kinastahimili kani kubwa kiasi gani kabla hakijakatika, kuvunjika au kupondeka. Kwa hiyo darasani kwangu hakuna anayeruhusiwa kutaja kani bila kujibu: nani anasukuma au anavuta, nani anasukumwa au anavutwa, na kuelekea wapi. Ukishindwa kumtaja anayesukuma, kani hiyo haipo. Kwa swali hilo tu, kosa kongwe kuliko yote huanza kulegea, lile la mtoto anayesema mpira uliorushwa juu unaendelea kupanda kwa sababu kani ya mkono bado imo ndani yake. Muulize: sasa hivi, mkono ukiwa umeshauachia, nani anaugusa huo mpira? Hewa. Na nani anauvuta bila kuugusa? Dunia. Mkono haumo tena kwenye orodha.

Baada ya hapo, nenda kwenye kitabu kilicholala mezani. Usiliruke hili hata kama muda ni mdogo. Wanafunzi hukubali upesi kwamba dunia inakivuta kitabu chini, lakini ukiwaambia meza inakisukuma juu, wanakuona unawachezea akili. Meza imekaa tu, wanasema, inazuia tu. Wana haki ya kukataa, kwa sababu hawajaona chochote. Basi kiweke kitabu kwanza juu ya sponji, waone linavyobonyea. Kisha kiweke juu ya rula nyembamba iliyoegemea vitabu viwili: rula inapinda, ukikiondoa kitabu inarudi kunyooka. Mwache kila mmoja aibonyeze kwa kidole ahisi inavyomrudishia. Kisha ubao mwembamba, kisha ubao mnene, kisha meza. Waulize ni wapi kati ya hivyo vitu viliacha kupinda. Hawatapata mpaka.

Ukitaka kumaliza ubishi kabisa, tia giza chumba, laza kioo kidogo mezani, kimulike kwa tochi kwa pembe ili doa la mwanga liangukie ukuta wa mbali, halafu mwambie mwanafunzi aegemee meza kwa uzito wake. Doa linasogea. Mwaka wa kwanza nilikiweka kioo katikati kabisa na hakuna kilichosogea. Nikadhani jaribio ni bovu. Kumbe meza ikibonyezwa katikati, pale katikati hushuka bila kuinama upande wowote, na kinachosogeza mwanga ni kuinama. Kiweke karibu na mguu wa meza, bonyeza katikati. Kadiri ukuta ulivyo mbali ndivyo doa linavyosogea zaidi. Kwa hiyo hata meza ni kama springi, ila ngumu sana. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kwamba springi hunyooka kwa kiasi kinacholingana na kani inayoivuta, na mizani ya springi hufanya kazi kwa kanuni hiyo hadi leo.

Mizani yenyewe mnaweza kuitengeneza kwa springi, chupa na rula. Nusu lita ya maji ina tungamo la gramu 500, na uzito wake, yaani kani ambayo dunia inayavuta nayo, unakaribia newtoni 5 (newtoni ni kipimo cha kani). Mimina kidogo kidogo, pima urefu, chora grafu. Mpira wa kufungia karatasi nao unafaa, ila mstari wake haunyooki kama wa springi. Usiwafichie hilo, wala usiwaache wanyooshe mstari kwa rula ili upendeze. Mpira ndivyo ulivyo.

Sasa tuje kwenye karatasi yako. Hapa ndipo uimara unapokuja na jambo kubwa: unategemea umbo, na unategemea upande kani inakotoka. Karatasi ni ile ile, haijaongezwa hata chembe. Ukiilaza kama daraja kati ya vitabu viwili, inanyong'onyea kwa kalamu moja. Ikunje migongo migongo kama bati la paa, inabeba kitabu. Kunja nyingine tatu ziwe nguzo za kusimama, moja ya duara, moja ya pembe tatu, moja ya pembe nne, panga vitabu juu kimoja kimoja. Kwa kawaida ya duara ndiyo hubeba zaidi. Lakini usikimbilie mshindi. Waambie wapige magoti, macho yawe usawa wa nguzo, waangalie mkunjo wa kwanza unatokea wapi. Wataona nguzo haipondeki, inajikunja pembeni, na ikishaanza kujikunja haina tena la kufanya. Wakishaliona kwa macho yao hawalisahau.

Kwa nini migongo inasaidia? Chukua sponji nene, chora ubavuni mistari ya wima kwa kalamu ya wino, kisha lipinde liwe kama tabasamu. Juu mistari inabanana, chini inaachana, katikati haibadiliki. Yaani boriti inayopinda hugandamizwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili, na sehemu ya kati haifanyi kazi kubwa. Kukunja migongo ni kuisogeza karatasi mbali na hiyo kati. Rula iliyolazwa inapinda, iliyosimamishwa kwa ukingo karibu haipindi, kwa sababu hiyo hiyo. Galileo alilichambua suala la boriti katika kitabu chake cha 1638. Hesabu tunayotumia leo inasema boriti ya mstatili ukiongeza kimo chake mara mbili bila kugusa upana, uimara wake huongezeka mara 4 na ukinzani wake wa kupinda mara 8. Ubao wa sentimita 10 kwa 2 ukiusimamisha unakuwa imara mara 5 kuliko ukiulaza, na hujanunua mbao nyingine.

Hapo nawapeleka kwenye zege. Zege linavumilia sana kugandamizwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Uimara wake wa kuvutwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa kugandamizwa. Nawauliza: boriti imeegemea kuta mbili, nondo kuu ziwekwe juu au chini? Wanaliangalia sponji na kujibu wenyewe: chini. Na kibaraza kilichochomoza nje bila nguzo? Wengi wanarudia "chini", halafu mmoja analipindua sponji, na darasa linakaa kimya. Ni juu. Nondo zikiwekwa upande usio wake, kibaraza kinaweza kuanguka na watu. Nataka walijue hilo wakiwa bado watoto.

Pembetatu utaifundisha kwa dakika tano: vijiti vinne vilivyoungwa kwa pini hulala upande, vitatu havilali.

Muda wako uliobaki uweke kwenye kuvuta kamba. Mchukue mwenye misuli kuliko wote, avue viatu na kusimama na soksi kwenye sakafu laini. Upande wa pili msimamishe mdogo mwenye viatu vya soli ya mpira. (Wakataze kabisa kuzungusha kamba mkononi, ikivutwa ghafla inaumiza vibaya.) Mdogo anashinda. Darasa linapiga kelele, na wewe unarudi na swali lile lile: nani anamsukuma nani? Kamba inawavuta wote wawili sawasawa. Tofauti ipo miguuni, kwenye msuguano, kwa sababu sakafu inamsukuma nyuma mmoja kuliko mwenzake. Mwenye misuli hakupungukiwa na nguvu hata kidogo. Sakafu ndiyo haikuweza kumsukuma vya kutosha.

Swali langu la mwisho ni hili. Watu wawili wanavuta kamba iliyofungwa mizani katikati, kila mmoja kwa newtoni 20, na hakuna anayesogea. Mizani itasoma ngapi? Wengi husema 40, wachache sifuri. Usiwasahihishe. Wafunge upande mmoja kwenye nguzo, mmoja wao avute hadi isome 20, kisha umwondolee nguzo na kumpa mwenzake ashike hapo hapo. Inasoma 20 vilevile. Binti mmoja aliirudisha kamba kwenye nguzo, akavuta polepole huku macho yakiwa kwenye mizani, akasema, "Kumbe nguzo nayo ilikuwa inanivuta, kwa zile zile ishirini." Hapo ndipo nilipoandika ubaoni kanuni ya tatu ya Newton, ile aliyoichapisha mwaka 1687, na hakuna aliyeniuliza maana yake.