Kuwa Mgeni Uwanjani: Ushauri kwa Mabeki Vijana kutokana na Safari ya Illia Zabarnyi

Wadogo zangu mnaopandishwa kikosi cha kwanza mkiwa mabeki wa kati, mara nyingi mnaniuliza ni mchezaji gani wa kumtazama ili kujifunza kazi hii, na jibu langu kwa sasa ni Illia Zabarnyi wa Ukraine. Wapo mabeki wanaomzidi sifa, lakini ni wachache waliolazimika kuwa wageni mara nyingi kiasi hicho wakiwa na umri mdogo. Alizaliwa Kyiv Septemba 2002, akalelewa katika akademia ya Dynamo Kyiv, na kati ya mwaka 2020 na 2025 aliingia kikosi cha wakubwa cha Dynamo, timu ya taifa, Bournemouth ya Uingereza na hatimaye Paris Saint-Germain (PSG) ya Ufaransa. Katika kila hatua alimkuta mtu aliyekuwa ameshazoea nafasi anayoitaka yeye.

Aliyempa nafasi Dynamo ni kocha Mircea Lucescu, mzee wa Kiromania ambaye mashabiki wengi wa klabu hiyo hawakumtaka kwa sababu alikuwa amewafundisha mahasimu wao Shakhtar kwa miaka 12. Oktoba 2020, akiwa ametimiza miaka 18 tu, Zabarnyi aliichezea Ukraine kwa mara ya kwanza dhidi ya Ufaransa, na Ukraine ikafungwa 7-1. Kikosi kilikuwa kimeathiriwa na korona kiasi kwamba Oleksandr Shovkovskyi, kocha msaidizi mwenye miaka 45, aliandikwa golikipa wa akiba. Mwezi huohuo Juventus walifika Kyiv katika Ligi ya Mabingwa wakashinda 2-0 kwa mabao ya Álvaro Morata. Kijana mwingine angeweza kuhesabu mwanzo wa namna hiyo kuwa ndio mwisho, lakini msimu ulipokwisha alikuwa bingwa wa ligi na wa kombe la Ukraine, na kiangazi cha 2021 alikuwemo katika timu iliyofika robo fainali ya Kombe la Ulaya.

Ninachowashauri kuhusu kipigo kikubwa ni hiki: itazameni mechi tena, na kwa kila bao sitisheni picha pale mpira ulipopotea, wala si pale shuti lilipopigwa. Beki kijana hutazama sekunde ya mwisho akajilaumu au akamlaumu golikipa, ilhali kosa lake huwa lilitokea mapema zaidi, aliposimama bila kugeuza mwili au alipomfuata mshambuliaji aliyeshuka na kuacha uwazi nyuma yake. Kocha makini huona tofauti hiyo, na ndiyo maana idadi ya mabao peke yake haimwondoi beki kikosini.

Februari 2022 vita vilisimamisha ligi ya Ukraine, na msimu ule ukafungwa bila bingwa. Dynamo walizunguka Ulaya wakicheza mechi za kirafiki za hisani, na ligi iliporudi Agosti ilichezwa bila watazamaji, huku mechi zikikatizwa king'ora kinapolia. Sitajifanya kuwa na ushauri juu ya hali kama hiyo.

Kipindi ambacho ningependa mkitafakari kwa muda mrefu zaidi ni miezi yake ya kwanza Bournemouth. Alisajiliwa mwishoni mwa Januari 2023, timu ikipambana isishuke daraja, na hadi msimu ulipomalizika alikuwa amecheza mechi 5 tu za ligi. Kocha aliye katika hatari ya kushuka huwaamini mabeki waliokwisha kuzoeana, na mgeni akilichukua jambo hilo kama dharau atapoteza miezi ambayo angeitumia kujiandaa. Beki aliye benchi ana kazi nyingi kuliko mshambuliaji aliye benchi. Inampasa ajifunze maneno ambayo timu hiyo huyatumia kupandisha mstari wa mabeki, kukabidhiana mtu wa kukaba na kumwonya kiungo, tena ayaseme kwa sauti mazoezini hata kama lugha bado inamtatiza, kwa kuwa beki asiyesema huwalazimisha wenzake wageuke kumtafuta. Inampasa pia ajue kila mwenzake hupenda kuruka mpira wa juu au kusubiri, na golikipa hutoka golini kwa krosi za aina gani. Mambo haya hayaonekani katika video za dakika mbili mnazotumiana.

Kiangazi hicho alikuja kocha mpya, Andoni Iraola, ambaye timu zake huwakaba wapinzani juu kabisa na kuwaachia mabeki wa kati eneo kubwa la kulinda nyuma yao. Bournemouth walicheza mechi 9 za mwanzo wa ligi bila ushindi, na wengi walidhani kocha angefukuzwa. Zabarnyi akawa nguzo ya mfumo huo kwa sababu huanza kukimbia kabla pasi haijapigwa, na hana haraka ya kujitupa chini. Walimaliza wakiwa na pointi 48, rekodi yao katika ligi kuu wakati huo, kisha msimu uliofuata wakapata 56.

Hata hivyo hakuwa mkamilifu. Februari 2025, katika mechi waliyofungwa 1-0 na Wolves, alipewa kadi nyekundu kipindi cha kwanza kwa kumkaba vibaya Rayan Aït-Nouri, baada ya mwamuzi kutazama marudio ya video. Wafundisheni miguu yenu kwamba mpira uliokwisha kukupita nusu hatua ni wa kuufukuza, si wa kuurukia.

Agosti 2025 PSG, mabingwa wa Ulaya, walimsajili kwa mkataba wa miaka mitano na ada inayotajwa kuwa zaidi ya yuro milioni 60. Huko amewakuta nahodha Marquinhos na Willian Pacho, ambao ndio walioshika nafasi za katikati katika msimu wa ubingwa, kwa hiyo amerudi tena kwenye foleni. Mtakapotazama mechi zake za Paris, msimfuate pale tu mpira unapokuwa miguuni mwake. Mtazameni yeye wakati PSG wanaposhambulia, muone anasimama wapi na anamwonyesha nani kwa mkono.