Majibu ya madini ya risasi (lead) kwenye maji yanapingana, tumuamini nani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Mikindani, kamati yetu ilipeleka maji ya kisima kwenye maabara mbili. Moja imeleta risasi 4, nyingine 17, zote maikrogramu kwa lita. Hawa wa 17 wanasema mashine yao mpya. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba kaka. Habari ya mashine mpya weka pembeni. Kiwango cha juu cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni 10, kwa hiyo mmoja kawaambia kunyweni mwingine acheni, lazima kamati igombane.

Ila kwanza maji yalichotwaje? Kama chupa moja ilijazwa alfajiri maji yamelala bombani usiku kucha na nyingine mchana watu wameshachota ndoo kwa ndoo, basi maabara zote zinaweza kuwa sahihi, maana koki nyingi za brasi zina risasi na inatoka kidogo kidogo maji yakisimama.

Rudieni. Choteni ndoo moja safi ya plastiki, korogeni, gawanyeni kwenye chupa za maabara, na itiwe asidi ya naitriki mpaka pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, iwe chini ya 2, bila hivyo risasi inajishika kwenye kuta za chupa na jibu linashuka bure.

Sasa mtego wenyewe: kila maabara ipate chupa tatu zenye majina ya visima tu, wasijue kitu. Ya kwanza maji yenu. Ya pili maji yaleyale yaliyoongezwa risasi, hapo tafuta mkemia mwenye stendadi ya kuaminika, yaani myeyusho wenye kiasi cha risasi kinachojulikana, mililita 1 ya miligramu 5 kwa lita ndani ya nusu lita inapandisha 10. Ya tatu maji ya distila, yaani yaliyosafishwa kwa kuvukizwa, yenye asidi ileile. Toa jibu la kwanza kwenye la pili, ukipata kati ya 8 na 12 hao wako vizuri, ukipata 3 au 19 achana nao. Na hiyo ya distila ikirudi na risasi 5, kuna uchafu kwenye chupa, asidi au huko huko maabara.

Msiongeze risasi kwenye distila mkadhani inatosha, maji yetu ya pwani yana chumvi na chumvi inasumbua mashine. Kwa mfano kwenye ICP-MS, mashine inayotambua metali kwa uzito wa atomu, klorini ya chumvi ikiungana na agoni, gesi ya mashine yenyewe, inaonekana kama aseniki kabisa, uzito 75 uleule, asiyejua kurekebisha anakupa sumu ambayo haipo.

Ulizeni pia wanapima na nini, AAS (mashine inayopima metali kwa mwanga inaoufyonza) ya moto kwenye namba ndogo hivi inabahatisha tu, inatakiwa ya tanuri la grafaiti au hiyo ICP-MS. Cheti cha ISO 17025, cha umahiri wa maabara, wakikuonyesha soma orodha yake, risasi kwenye maji imo au wameidhinishwa kupima chakula tu? Na alama zao za z kwenye majaribio ya kulinganisha maabara, zinazoonyesha jibu lao liko mbali kiasi gani na jibu sahihi: ndani ya 2 safi, kuanzia 3 hapana.

Mkisubiri majibu, maji ya kwanza ya asubuhi fulieni, uji wa mtoto usipikiwe hayo.