Nilimshuku mdogo wangu hamezi dawa za kifafa

Kwa miaka mitatu nilihesabu vidonge vya mdogo wangu. Usiku namwaga kichupa kitandani, nahesabu kimoja kimoja, maana alikuwa haachi kuanguka na mimi nilishaamini anaruka dozi. Siku moja nilimfokea povu halijakauka hata mdomoni. Mpaka leo linaniuma.

Kisha daktari akaagiza damu yake ipimwe kiwango cha dawa. Kilikuwa sawasawa. Mtoto wa watu alikuwa anameza kila siku, ila dawa haimshiki.

Hapo nikaanza kusoma. Duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na takribani thuluthi yao hawatulii kwa dawa. Dawa ya fenobabitoni ilianza kutumika 1912, fenitoini 1938, na nyingi zimefuata, lakini thuluthi hiyo haijapungua sana. Mwaka 2000 watafiti Kwan na Brodie wa Glasgow, Uskoti, walitoa matokeo ya wagonjwa 470 waliokuwa hawajawahi kutibiwa: asilimia 47 walitulia kwa dawa ya kwanza, na asilimia 14 tu kwa ya pili au ya tatu. Ndiyo maana tangu 2010 wataalamu wanakiita kifafa sugu pale dawa mbili zinazofaa, kwa dozi ya kutosha, zinaposhindwa. Mbili. Mdogo wangu alikuwa kwenye ya nne.

Kwa nini zinashindwa? Kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zina protini zinazosukuma vitu vigeni nje, na kwa baadhi ya wagonjwa zimekutwa nyingi kupita kawaida. Inadhaniwa dawa inarudishwa kabla haijafika. Maelezo mengine ni kwamba vijilango vinavyopitisha chembe za sodiamu kwenye seli za neva, ambavyo dawa nyingi huvilenga, vimebadilika, kwa hiyo dawa inafika lakini haishiki. Wengine wana kovu au mtandao wa neva uliojisuka vibaya. Hakuna nadharia moja inayowaeleza wagonjwa wote.

Lakini kabla ya kusema "sugu", hakikisheni aina ya kifafa. Dawa ya kabamazepini, kwa mfano, inaweza kuzidisha kile cha kushtukashtuka misuli. Na wapo wanaoanguka kwa sababu ya moyo, si kifafa kabisa.

Kilichotusaidia sisi ni simu. Nilimrekodi video kifafa kikimshika: anatafunatafuna mdomo mtupu, vidole vinachezea kifungo cha shati, macho yako wazi wala hayakuoni. Daktari bingwa wa mfumo wa fahamu aliitazama mara mbili, akaagiza MRI, kipimo cha picha ya ubongo, na kovu likaonekana kwenye ubongo, upande wa sikio. Miaka yote hiyo hakuna aliyetuuliza anaangukaje. Basi rekodini, na muwe na daftari la tarehe, saa, usingizi na dozi. Dawa ya pili ikishindwa, ombeni rufaa bila kuona haya. Upasuaji si wa kila mtu, lakini katika jaribio la 2001 lenye wagonjwa 80 wa kifafa cha sehemu hiyohiyo, asilimia 58 ya waliopangiwa kupasuliwa hawakupoteza fahamu tena kwa kifafa mwaka ule, dhidi ya asilimia 8 ya waliobaki na dawa peke yake.

Na jamani, msikatishe dawa ghafla hata kama mnaona haisaidii. Kukatisha kunaweza kuleta shambulio lisilokoma, nalo linaua.

Nilimwomba radhi tukiwa kwenye benchi la hospitali, tunasubiri majibu. Akaniuliza kama sasa anaweza kukaa na kichupa chake mwenyewe.