Omba siku mbili uusome

Isevya, Tabora

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kazi umepata, mkataba una kurasa tisa za Kiingereza, nao wanautaka kesho asubuhi ukiwa na saini. Unauliza kama ukiomba siku mbili za kuusoma watakuona msumbufu.

Omba, mwanangu. Wakikataa, nipigie kabla hujashika kalamu.

Unaukumbuka mwaka uliokaa nyumbani muhula mzima? Sababu yake sikukueleza. Nilikopa pembejeo za tumbaku kwa kikundi. Nilisaini juu ya mfuko wa mbolea, jua la saa saba, foleni nyuma yangu, karani akigeuza kurasa na kunionyesha kwa kidole: hapa, na hapa. Ukurasa wa tatu ulisema wanakikundi tunadhaminiana, mmoja akishindwa wengine tunalipa. Msimu ule tumbaku yangu ilikuwa nzuri, lakini wenzangu wawili mvua ya mawe iliwachania majani yote. Siku ya malipo nikakatwa deni lao, kilichobaki hakikufika ada yako. Nilipokwenda kulalamika wakanifungulia ukurasa wa tatu. Chini yake saini ni yangu kabisa, na ule mkia ninaoupinda mwishoni.

Sasa huo wako. Tazama notisi, yaani taarifa inayotolewa kabla ya kuacha au kuachishwa kazi: ukishapita mwezi wa kwanza, kwa anayelipwa kwa mwezi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka isipungue siku 28. Likizo ya mwaka nayo ni siku 28. Ila ninachokihofia zaidi ni mafunzo uliyosema watakupa. Wapo waajiri wanaoandika kwamba ukiacha kazi kabla ya muda fulani utarudisha gharama. Shilingi ngapi? Miaka mingapi? Kama haikutajwa, waitaje kwanza.

Nauli waliyokuahidi kwa mdomo, waiandike. Palipoachwa wazi pajazwe au papigwe mstari ukiwa hapo hapo. Na uondoke na nakala yako.

Kiingereza cha kisheria kisikutishe. Mjomba wako amezoea makaratasi ya ofisini, msomee kwenye simu kifungu kwa kifungu, hata mkikesha.

Mama yako anakusalimu. Nitumie picha ya ukurasa wa mafunzo usiku huu, sijalala.

Baba yako