Panga Tabora–Kigoma kwa penseli kabla hujaigusa tableti

Mdogo wangu unayeanza urubani, najua tableti yako inachora mstari wa Tabora hadi Kigoma kabla hujafungua chupa ya maji. Umbali, upepo, mafuta, muda, vyote inakupa. Halafu mkufunzi anakuletea ramani ya karatasi, rula, protrakta na kile kikokotoo cha duara cha E6B, nawe unanung'unika kwamba anakurudisha enzi za mkoloni. Nung'unika, lakini fanya. Wengi watakuambia sababu ni betri kuisha. Mimi nasema sababu ni nyingine: namba uliyoitafuta kwa mkono unajua imetoka wapi, na siku ardhi itakapokataa kufanana na karatasi yako utajua ni namba ipi ya kuitilia shaka.

Nimeichukua Tabora–Kigoma kwa makusudi. Inazidi zile maili 150 za baharini ambazo viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinadai katika safari ndefu ya peke yako kabla ya leseni binafsi. Pia ina reli chini yake, na reli ni rafiki anayeweza kukupoteza.

Chora mstari kutoka kiwanja hadi kiwanja. Utapata kama maili 190 za baharini, karibu kilomita 350, na mwelekeo wa takriban digrii 274 za kweli, yaani zinazohesabiwa kutoka kaskazini ya ramani. Umbali upime kwenye kipimo cha latitudo, yaani kile cha pembeni, ambako dakika moja ni maili moja ya baharini. Huku kwetu karibu na ikweta ukipimia kwenye longitudo utasamehewa, kosa ni dogo mno. Ukienda kurukia Ulaya na tabia hiyo hutasamehewa. Baada ya hapo sahihisha kwa tofauti ya sumaku, yaani pembe kati ya kaskazini ya kweli na ile ya dira, iliyoandikwa kwenye ramani. Upande wetu huu ni ndogo, na kwa kuwa ni ndogo wanafunzi huiruka. Usiiruke, kwa sababu unajenga mazoea.

Urefu wa kuruka una kanuni yake. Ukielekea magharibi unachukua maelfu shufwa na kuongeza 500, ukielekea mashariki maelfu witiri na 500. Kwenda, mimi ningechukua futi 8,500. Kurudi, 7,500. Kumbuka kwamba Tabora yenyewe iko futi 3,868 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo 6,500 inayoonekana kubwa kwenye karatasi inakuacha futi 2,600 tu juu ya miombo. Na joto likifika nyuzi 30 pale Tabora, hewa inakuwa nyepesi na, hata presha ikiwa ya kawaida, ndege inajiona iko karibu futi 6,600 kabla haijaondoka ardhini. Fungua jedwali la kuruka kwenye kitabu cha ndege ukiwa na namba hiyo kichwani, usiingie na 3,868.

Sasa upepo, na hapa tukae kidogo.

Kiangazi upepo wa kwetu kwa kawaida hutoka mashariki na kusini mashariki. Tuseme utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unakupa digrii 120 kwa noti 15 (noti ni maili ya baharini kwa saa) katika urefu wako, na Cessna 172 yako inakwenda noti 105 hewani. Upepo hutajwa kwa unakotoka, na kwenye utabiri wa maandishi digrii zake ni za kweli, wakati ule unaotamkwa na mnara ni wa sumaku. Weka kwenye E6B. Upepo unakusukuma kutoka nyuma kushoto, kwa hiyo utageuza pua kama digrii 4 kushoto na kushika 270, na kasi juu ya ardhi itakuwa noti 118. Kurudi, upepo uleule unakukabili: pua 098, kasi noti 91. Maili 190 zilezile zinakula dakika 97 kwenda na dakika 125 kurudi.

Usiandike tu namba hizo ukafunga daftari. Kabla ya E6B, kadiria kwa kichwa. Upepo unatoka nyuma kushoto, basi pua lazima iende kushoto na kasi lazima izidi 105. Nimekagua karatasi za vijana waliosoma kikokotoo kinyume, wakapata pua upande wa kulia, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu hakuna aliyejiuliza jibu lifanane na nini.

Ongeza kama dakika 2 za kupanda, maana ukipanda kwa noti 75 husafiri kama ukiwa umenyooka. Kisha chagua alama za njiani. Urambo ipo kama maili 46 kutoka Tabora, Kaliua karibu 62, kituo cha Malagarasi kama 118, Uvinza kama 146. Zote zitakuwa kushoto kwako, na kadiri unavyokwenda zinazidi kujitenga na mstari: Urambo maili 2 hivi, Kaliua 3, Uvinza kama 10. Reli haijanyooka na mstari wako. Andika kila alama upande itakapoonekana, umbali wake kutoka kwenye mstari, na dakika utakayoipita. Kuandika "Kaliua" peke yake hakutoshi. Andika "Kaliua, kushoto maili 3, dakika ya 34".

Kwa nini nasisitiza upande? Chukulia dakika ya 34 imepita na Kaliua haijafika. Inafika dakika ya 38, tena iko chini kabisa ya tumbo la ndege. Mwanafunzi wa tableti anaona yuko nje ya mstari, anageuza. Wewe mwenye penseli unaona mambo mawili yanayosema kitu kimoja. Uligeuza pua kushoto ili kuupinga upepo, lakini umeishia kushoto, maana yake upepo uliotegemea haupo au ni hafifu. Na umechelewa dakika 4, maana yake ule msukumo wa nyuma pia haupo. Kasi yako ni kama 105, si 118, na Kigoma utafika baadaye kuliko ulivyoandika kwenye mpango wa safari uliowasilisha. Hapo hapo unarekebisha muda wa kufika na kuwaarifu kwa redio, na unarudi kwenye hesabu ya mafuta.

Kuhusu kugeuza, tumia kanuni ya moja kwa sitini: maili 1 pembeni baada ya maili 60 ni digrii 1. Umekosea maili 3 katika 62, hizo ni digrii 3. Zimebaki maili 128, kwa hiyo kuirudia Kigoma kunahitaji digrii nyingine moja na nusu. Geuza kama digrii 4 kulia, shika 274, kisha acha dira ifanye kazi. Mambo ya kuwinda mstari huku na huku kila dakika ndiyo yanayochosha watu.

Kaliua ina mtego mwingine. Pale reli inagawanyika: njia kuu inaendelea magharibi kwenda Kigoma, tawi linakwenda kusini magharibi hadi Mpanda. Kiangazi watu wanachoma misitu na moshi unalala juu ya miombo, na ukiwa unafuata reli kwa macho badala ya dira, unaweza kushika tawi la Mpanda ukiwa na amani kabisa moyoni. Dira yako ikianza kusoma 230 na reli ipo chini, amini dira.

Baada ya Kaliua ardhi inakuwa na mambo machache ya kushika. Mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi yanaonekana alama nzuri kwenye ramani, eneo kubwa lenye rangi ya maji. Lakini umbo lake la Machi si la Septemba. Maji yanapanuka na kunywea, kwa hiyo yatumie kujua kwamba uko maeneo hayo, usiyatumie kupima maili. Daraja la reli na kituo havihami.

Kabla ya kufika huko, weka alama moja ambayo haiko ardhini: mahali ambapo kuendelea Kigoma na kurudi Tabora kunachukua muda sawa. Zidisha umbali wote kwa kasi ya kurudi, gawanya kwa jumla ya kasi mbili: 190 mara 91, gawa kwa 209, unapata maili 83. Si katikati, ambayo ni 95, kwa sababu upepo uko nyuma yako. Ni kama dakika 10 baada ya Kaliua. Masika, ukiona mawingu ya radi yamejengeka mbele ukiwa hujafika hapo, Tabora iko karibu zaidi kwa saa hata kama kwa maili unaona umeshakula njia kubwa. Na Mpanda usiiandike kama mbadala wa Kigoma bila kupima: kutoka Kigoma ni zaidi ya maili 120.

Mwisho wa njia kuna ziwa, na Ziwa Tanganyika halikosekani. Linaloweza kukosekana ni Kigoma. Ukifika ufukweni katika moshi na huoni mji, utageuka kulia au kushoto? Ukilenga kiwanja kamili, hujui. Kwa hiyo, baada ya Uvinza, lenga kwa makusudi digrii chache kusini. Ukiona maji, geuka kulia, fuata pwani na Ujiji itakuja. Nachagua kusini kwa sababu kaskazini kuna mpaka wa Burundi, na kusini kuna mdomo wa mto Malagarasi utakaokuambia kama umezidisha. Usivuke maji kutafuta. Ng'ambo ni Kongo.

Mafuta. Kwa lita 35 kwa saa, kwenda na kupanda ni kama lita 58, kurudi karibu 76. Akiba ya dakika 45 ni 26, kuwasha na kutembea ardhini weka 8. Jumla 168. Cessna 172 nyingi za zamani zina lita 144 zinazotumika. Basi huwezi kwenda na kurudi bila kujaza, hata upepo ukiwa mpole. Avgas, petroli ya injini za pistoni kama yako, haipo kila kiwanja; Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, ndiyo hupatikana zaidi, nayo kwenye injini yako ya pistoni ni sumu. Piga simu Kigoma siku moja kabla, uliza ipo kiasi gani, na simama mwenyewe wakati wa kujaza. Kitabu cha ndege kikiongea kwa galoni za Marekani, galoni moja ni lita 3.785. Badilisha kwenye karatasi, usibadilishe kichwani ukiwa na muuza mafuta anayekusubiri.

Saa nazo zina fujo yake. Mpango wa safari na taarifa za hali ya hewa ziko kwa saa za dunia, wewe unafikiri kwa Kiswahili. Kwa safari za mchana ongeza 3 kwenye saa ya Kiswahili: saa 3 asubuhi ni 0600, saa 8 mchana ni 1100. Iandike juu ya karatasi.

Na jua. Kigoma linazama kama dakika 13 baada ya Tabora, kwa hiyo ukirudi mashariki unalikimbilia giza. Ukiongeza kupanda, kurudi ni saa mbili na dakika kumi. Ukiondoka Kigoma saa 11 jioni utafika Tabora usiku, na mwanafunzi hana ruhusa ya usiku. Andika saa ya mwisho ya kuondoka kabla hujatoka Tabora asubuhi, ukiwa hujachoka na hakuna anayekuharakisha. Ikipita, funga ndege kamba, mpigie mkufunzi, kalale mjini ule migebuka.